Namna ya Kumchagulia Mtoto Mdogo Kitabu cha Picha: Kisome kwa Sauti Kabla ya Kulipa

Mzazi hununua kitabu chenye jalada la kung'aa, akampakata mtoto, na kabla ya kufika ukurasa wa nne mtoto ameshateremka na kumfuata paka. Siku ya pili mambo huwa yaleyale, na siku ya tatu kitabu hupandishwa juu ya kabati huku hukumu ikitolewa kwamba mtoto huyu hapendi vitabu. Mara nyingi hukumu hiyo humwangukia asiye na hatia, kwa sababu aliyekosea ni mnunuzi, ambaye alikichagua kitabu kwa macho peke yake ilhali mtoto asiyejua kusoma hukipokea nusu kwa macho na nusu kwa masikio, kutoka kinywani mwa mtu mzima anayemsomea.

Mwongozo huu unahusu watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitano au sita, yaani tangu mtoto anapoanza kunyoosha kidole hadi anapoingia darasa la awali.

## Vinavyohitajika

- Karatasi na kalamu ya kuandikia utakayoyaona kwa mtoto wako.
- Kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa bahasha, cha kufunikia maneno ya ukurasa.
- Kile kibomba cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni inapokwisha.
- Dakika kumi kwa kila kitabu unachokifikiria kukinunua.
- Ujasiri wa kusoma kwa sauti dukani, muuzaji akikutazama.

Hicho cha mwisho ndicho kinachowashinda wengi, nacho ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote vinne vilivyotangulia.

## Hatua ya 1: Mtazame mtoto kwa siku tatu

Kabla ya kwenda dukani, andika mambo matatu: kitu anachokionyesha kwa kidole bila kuulizwa, muda anaokaa na jambo moja bila kuhama, na anachokifanya anaposhika karatasi. Mtoto anayetafuna kila kitu, mtoto anayechana na mtoto anayefunua kurasa kwa utaratibu wanahitaji vitabu vitatu tofauti hata kama wamezaliwa mwezi mmoja.

Umri ulioandikwa nyuma ya jalada ni makadirio ya mchapishaji, ambaye hajawahi kumwona mwanao. Kipimo changu mwenyewe, ambacho si sheria, ni kwamba idadi ya sentensi katika ukurasa isizidi idadi ya miaka ya mtoto: sentensi moja kwa mwenye mwaka mmoja, mbili kwa mwenye miaka miwili, na kuendelea hivyo. Anayezoea kusimuliwa hadithi na bibi yake kila jioni atavumilia zaidi, na ambaye hajazoea atahitaji pungufu.

Hatua hii imefaulu iwapo unaweza kumwambia muuzaji, "Natafuta kitabu cha mtoto anayependa magari na maji, anayekaa dakika tano, na ambaye bado anachana karatasi," badala ya kusema tu kwamba unatafuta kitabu cha mtoto wa miaka miwili.

## Hatua ya 2: Kagua mwili wa kitabu

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili na nusu, chagua kurasa za kadibodi ngumu zenye pembe za mviringo. Sababu si kwamba kadibodi haichaniki tu, bali pia kwamba vidole vya umri huo haviwezi kutenganisha karatasi nyembamba mbili zilizoshikana, na mtoto asiyeweza kufunua ukurasa mwenyewe hupoteza nusu ya starehe ya kitabu.

Fungua kitabu katikati na ukitazame mgongoni. Kama kimeshonwa kwa pini, pitisha kidole juu ya kila pini ili kuhakikisha kwamba ncha zake zimelala na hazichomi. Kama kimebandikwa kwa gundi, kifungue mpaka kilale chali. Kikitoa mlio wa kukatika, kurasa zitaanza kumwagika ndani ya wiki mbili.

Tahadhari tatu ambazo hazina mjadala. Kitu chochote kinachoweza kubanduka, kama vile kitufe, jicho la plastiki au shanga, kikipita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vitabu vinavyotoa muziki huendeshwa na betri ndogo za mviringo kama za saa, na betri ya namna hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa mbili. Kwa hiyo kama kifuniko cha betri hakijafungwa kwa skrubu, kirudishe kitabu kwenye rafu. Na ukinunua vitabu vya mitumba kutoka Ulaya au Marekani, tafuta mwaka wa kuchapishwa kwenye kurasa za mwanzo, kwa kuwa wino uliotumika kabla ya miaka ya katikati ya 1980 uliweza kuwa na madini ya risasi, na mtoto anayetafuna vitabu hapaswi kupewa kitabu cha namna hiyo.

Kuhusu vitabu vyenye vipande vya kuvuta na picha zinazosimama ukurasa unapofunuliwa, ushauri wangu ni kuvichukulia kama vitu vya kuchezea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wadogo walijifunza kidogo kutoka katika vitabu vya aina hiyo kuliko kutoka katika vitabu vya picha za kawaida, na ukimtazama mtoto akivuta kile kipande mara ishirini huku akiwa hajamtazama mnyama aliyechorwa, utaelewa ni kwa nini.

## Hatua ya 3: Funika maneno, uzisome picha

Chukua ile karatasi ngumu, ufunike maandishi, kisha upitie kitabu kizima ukitazama picha tu. Ukifika mwisho, jiulize kama ungeweza kumsimulia mtu kilichotokea. Kama huwezi, mtoto wako hataweza pia, maana kwake yeye maneno yamefunikwa kila siku.

Picha nzuri ya kitabu cha mtoto ina mhusika anayetambulika kuwa ni yuleyule kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, ina tendo linaloonekana, na ina kitu kidogo ambacho maneno hayakukitaja. Mjusi ukutani, kwa mfano, ambaye hakuna sentensi inayomzungumzia lakini yupo katika kila ukurasa, ndiye atakayemfanya mtoto wa miaka mitatu adai kitabu hichohicho kesho.

Jihadhari na ukurasa uliojazwa pomoni. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, ndizi moja kubwa juu ya ukurasa mweupe inafaa kuliko soko zima lenye watu arobaini. Soko lile litamfaa akifika miaka minne, na wakati huo ataweza kukaa nalo robo saa akimtafuta aliyedondosha nyanya.

## Hatua ya 4: Kisome kwa sauti, palepale ulipo

Hapa ndipo vitabu vingi huanguka, nayo ndiyo hatua ambayo wanunuzi wengi huiruka.

Ondoa karatasi na usome kurasa tatu mfululizo kwa sauti unayotumia nyumbani. Ulimi ukikwama mara mbili, kitabu hicho kitakukwamisha kila usiku, na baada ya usiku wa tano utaanza kukikwepa. Mtoto atadhani kwamba amekichoka yeye, kumbe umekichoka wewe.

Sikiliza kwanza upatanisho wa maneno. Vitabu vingi vya Kiswahili vya umri huu ni tafsiri, na baadhi yake zimefanywa kwa haraka au kwa mashine. Ukikuta "simba ilikuwa inalala" au "kuku yangu imepotea", usikinunue. Mtoto anayelelewa katika Kiswahili ameanza kusema "simba amelala" bila kufundishwa na mtu, na haifai kitabu kije kumpotosha katika jambo ambalo sikio lake limeshalishika.

Sikiliza kisha uhai wa sentensi. Linganisha hizi mbili, ambazo nimezitunga kwa ajili ya mfano. Ya kwanza: "Bata mdogo alikuwa na furaha sana kuhusu maji." Ya pili: "Bata akayaona maji. Akajitosa, chubwi!" Ya kwanza haina kosa kubwa la sarufi, lakini hakuna mama wala shangazi anayezungumza hivyo, na mtoto hana pa kuidakia. Ya pili ina tendo, ina pumzi, na ina neno moja ambalo mtoto atalisema pamoja nawe mara ya pili, na atalisema kabla yako mara ya tatu.

Kiswahili ni tajiri mno kwa tanakali za sauti na maneno ya kukazia: giza totoro, kimya jii, nyeupe pe, kulowa chapachapa, kuanguka pu. Mwandishi anayezitumia mahali pake anaonyesha kwamba amewahi kukaa na watoto. Vivyo hivyo kwa kiitikio kinachorudi kila baada ya kurasa mbili. Simulizi zetu zilikuwa na hekima hiyo tangu zamani, kwani msimulizi akisema "Paukwa!" watoto hujibu "Pakawa!", na hakuna anayebaki kuwa msikilizaji mtupu. Kitabu kisichompa mtoto hata neno moja la kuitikia kimemgeuza kuwa mgeni katika hadithi yake.

Niliwahi kumnunulia binti wa dada yangu, akiwa na miaka miwili na nusu, kitabu kikubwa chenye jalada la dhahabu ambacho sikukisoma hata sentensi moja kabla ya kulipa. Alikifunga kwa mkono wake mwenyewe kwenye ukurasa wa tatu na kunirudishia. Wiki hiyohiyo alipewa kijitabu chembamba cha pini mbili, cha kuku anayetafuta yai lake chini ya kitanda, nyuma ya mtungi na ndani ya kiatu, na kila mahali jibu likiwa "Halimo!" Alikidai usiku kumi na nne mfululizo. Usiku wa tano ndiye aliyekuwa akisema "Halimo!" na mimi nikifunua kurasa tu.

Kuhusu kurudia huko, usiogope. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya, na wale waliosomewa hadithi zilezile mara kwa mara waliyashika maneno hayo kuliko wale waliosomewa hadithi tofauti tofauti. Kwa hiyo kitabu cha kununua ni kile unachoweza kukivumilia mara thelathini.

Hatua hii imefaulu iwapo umemaliza kurasa tatu na umejikuta, bila kukusudia, umebadilisha sauti kwa ajili ya mhusika mmoja.

## Hatua ya 5: Vitabu vya herufi na namba vina mtego wake

Wazazi wengi huanzia hapa, kwa haraka ya kumwandaa mtoto kwa shule, na hapa ndipo tafsiri mbovu hujificha vizuri zaidi.

Kitabu cha herufi kilichotafsiriwa kinaweza kuwa na picha ya tofaa chini ya herufi A, kwa kuwa katika Kiingereza jina la tunda hilo huanza kwa A. Mtoto anaona A na anasikia "tofaa". Nenda moja kwa moja kwenye kurasa za C, Q na X. Katika Kiswahili sanifu Q na X hazitumiki, na C haisimami peke yake bali huandamana na H. Kitabu kilichotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo kitakuwa na "ch" ya chura, na huenda kikawa na "ng'" ya ng'ombe na "ny" ya nyuki. Kitabu chenye malkia kwenye Q hakikuandikwa kwa ajili ya mtoto wako.

Kwa vitabu vya kuhesabu, tazama kama namba inakuja baada ya jina na kama inavaa upatanisho unaostahili: kikombe kimoja, vikombe viwili, embe moja, maembe mawili, mbwa mmoja, mbwa wawili. Kisha angalia kama mwandishi anafahamu kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, ilhali nane hubadilika: vikombe sita, vikombe saba, vikombe vinane. Mtoto husikia utaratibu huo mara nyingi kabla ya kuuelewa, na kitabu kizuri cha kuhesabu ni njia tamu kuliko zote ya kumsikilizisha. Kinachosema "tatu mbwa" hakifai hata kwa bei ya bure.

Na kama kitabu kina muhuri wa ithibati, wa Taasisi ya Elimu Tanzania au wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, elewa kwamba muhuri huo unazungumzia kufaa kwa matumizi ya shule. Ni dalili njema ya usahihi, ila haukwambii kama kitabu kitamfurahisha mtoto aliyelala kifuani pako saa mbili usiku.

## Hatua ya 6: Tazama ni nani aliyemo

Pitia picha mara ya mwisho ukiangalia nyumba, nywele, vyombo na chakula. Mtoto wa Tanga au Kisumu anastahili kukutana kitabuni na kinu, bodaboda, kanga na mwembe, kwa sababu kitu anachokijua ndicho atakachokinyooshea kidole na kukitaja, na kutaja ndiko kunakozaa maneno. Hii haimaanishi kwamba kitabu chenye theluji kitupwe. Maana yake ni kwamba vitabu vyote vitano vya nyumbani visiwe vya theluji.

Kwa familia zinazolea watoto Muscat, Minneapolis au London, vitabu vya lugha mbili vinasaidia, lakini usisome lugha zote mbili katika kila ukurasa, kwani hadithi hukatika vipande na mtoto husubiri ile lugha iliyo rahisi kwake. Funika lugha moja kwa ile karatasi, usome kitabu chote kwa Kiswahili, na ile nyingine uiachie siku nyingine.

## Hatua ya 7: Mahali pa kuvipata

Anza na maktaba, kwa kuwa huko unajaribu bila kulipia kosa. Tanzania, maktaba za mikoa zipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Kenya, kuna maktaba za umma katika kaunti nyingi, na Huduma ya Maktaba za Taifa ilianza kuwafikishia watu wa Garissa vitabu kwa ngamia mwaka 1996. Azima vitatu, na ununue kile ambacho mtoto amelia kilipokuwa kinarudishwa.

Dukani, uliza vitabu vya wachapishaji wa hapa kabla ya kuuliza vya kutoka nje. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam inachapisha vya watoto, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukiwasaidia waandishi na wachoraji wa Kiswahili tangu mwaka 1991.

Kwenye intaneti, African Storybook, iliyoanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver ya India zina hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili ambazo unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapisha bila malipo. Tahadhari yake ni kwamba nyingi hutafsiriwa na watu wa kujitolea wenye viwango tofauti, kwa hiyo Hatua ya 4 ni ya lazima hapa kuliko mahali pengine popote. Ukishaipata iliyo nzuri, ichapishe kwenye karatasi nene na uishone kwa uzi mgongoni badala ya kumpa mtoto simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

## Hatua ya 8: Kijaribu nyumbani kwa siku saba

Soma kitabu kila siku, saa ileile, simu ikiwa mbali. Siku ya kwanza na ya pili soma tu. Kuanzia siku ya tatu, simama katika ukurasa mmoja au miwili na umuulize mtoto swali lisilojibiwa kwa ndiyo au siyo: "Kuku anafanya nini hapo?" Akijibu "yai", mrudishie kwa kuongeza: "Ndiyo, anatafuta yai lake chini ya kitanda." Usimsahihishe kwa ukali na usiulize kila ukurasa, kwa sababu hadithi ikigeuka mtihani, mtoto ataondoka kama mtu mzima angeondoka.

Dalili za kufaulu ni hizi: anakuletea kitabu yeye mwenyewe, anadakia neno kabla yako, anakukemea ukiruka ukurasa, au unamkuta akimsomea mdoli kwa maneno yake, hata kama kitabu amekishika juu chini. Moja tu kati ya hizo inatosha. Kukaa kimya bila kutikisika si dalili ya kufaulu, maana mtoto wa miaka miwili anaweza kuzunguka chumba kizima na bado asipitwe na neno.

Zikipita siku saba bila dalili hata moja, kifiche kitabu miezi mitatu na ujaribu tena. Vitabu kadhaa nilivyodhani vimeshindwa vilikuwa vimewahi tu kufika.

## Hatua ya 9: Viweke mahali mkono wake unapofika

Vitabu vitano au sita ndani ya kikapu kilicho sakafuni vinasomwa kuliko ishirini vilivyopangwa juu ya kabati. Vilaze ili jalada lionekane, kwa sababu asiyejua kusoma hawezi kukitambua kitabu kwa mgongo wake. Kila baada ya wiki mbili toa viwili, uingize viwili, lakini kile anachokidai kila usiku usikiguse.

Ukurasa ukichanika, usimfokee. Mwite aushikilie wakati unabandika selotepu, na uibandike pande zote mbili, la sivyo utachanika tena palepale kesho.